Nyumba ya Kijichi

Yuster aliingia uani akiwa anacheka peke yake, simu mkononi, wala hakupiga hodi.

“Jene! Jene wee! Nimepata nyumba!”

Generoza alikuwa ameinamia beseni, anafua mashuka ya mama yake. Aliinuka polepole, akajifuta povu kwenye khanga, akatabasamu. Tabasamu lile alikuwa amelifanyia mazoezi. Yuster alikuwa rafiki yake wa karibu. Meza zao zilitazamana katika ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani Kabanga, na hakuna jambo la mmoja ambalo mwenzake hakulijua. Ndiyo maana furaha hii ilimchoma. Nafasi ya kuhamia makao makuu ya kampuni, Dar es Salaam, ambayo sasa ilikuwa ya Yuster, ilikuwa ya Generoza kwanza. Hakunyang'anywa. Aliiachia kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya bosi, kwa sababu nyumba ya kupanga ilikuwa imekosekana.

Na alikuwa ameitafuta! Kiangazi chote alishinda na simu, anazungumza na madalali asiowajua sura. Mmoja alimtumia picha za nyumba yenye vigae vinavyong'aa, kumbe ilishapangishwa zamani. Mwingine alidai kwanza hela ya kuonyeshea, na alipotumiwa akazima simu. Chumba cha bei yake kilikuwa na choo cha nje wanachochangia wapangaji wa nyumba nzima. Chenye choo ndani kilitaka kodi ambayo ingemeza mshahara wote. Na wote, wa kweli na wa uongo, walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mama yake, Deodata, alikuwa ameshasema lake: “Binti yangu haendi kulala sebuleni kwa watu. Pata nyumba kwanza, ndipo upande basi.”

Ndipo Maduhu, mchumba wake, alipojitolea. “Acha niende mimi,” alisema. “Nyumba haitafutwi kwenye simu.” Akadandia lori la rafiki yake Kazimili anayepeleka mizigo Dar, akapotea huko mpaka Generoza akaanza kukosa usingizi. Aliporudi alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na maneno yake yalikuwa machache.

“Hakuna nyumba, Jene. Nimezunguka mji mzima. Mji ule si wa watu kama sisi.”

Generoza alimwamini. Nani asingemwamini Maduhu?

“Iko wapi hiyo nyumba?” aliuliza sasa, akimsogezea Yuster kigoda.

“Mtoni Kijichi. Chumba, sebule, jiko, choo ndani. Luku ya umeme yako peke yako. Na bei, Jene, bei ni ile ile tuliyokuwa tunaiota. Kanitafutia Elick, yule dalali uliyenipa namba yake.”

“Aliyemtembeza Maduhu?”

“Huyo huyo. Anataka jibu leo, nami naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe ndiye unajua maswali ya kuuliza. Naweka sauti kubwa, muulize kila kitu.”

Elick alipokea mara moja. Generoza aliuliza kama mtu wa kazi: maji yapo? Mvua ikinyesha barabara inapitika? Mwenye nyumba anaishi hapo hapo au mbali? Elick alijibu yote bila kubabaika, kisha akacheka.

“Dada, wewe huibiwi! Lakini hii nyumba msiichezee. Mwenye nyumba, Bi Mwajabu, anawapenda sana watu wa huko kwenu. Tangu nimletee yule kaka, kila tukikutana ananiuliza habari zake.”

“Kaka gani?”

“Jamaa mmoja mrefu, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Maduhu. Nilimleta hapa hapa. Aliipenda hii nyumba, dada, acha tu! Bi Mwajabu akampunguzia, akakubali hata kodi ya miezi mitatu. Hapa mjini nani anapata hiyo? Nikajua tumemaliza. Kesho yake asubuhi ananipigia, ananiambia basi.”

Yuster alinyoosha mkono azime simu. Generoza aliushika ule mkono.

“Alisema kwa nini?”

“Alisema mke wake ameghairi. Hataki tena kuja Dar.”

Jikoni, mwiko wa Deodata uliacha kugonga sufuria. Yuster hakujua pa kutazama.

“Dada? Upo? Nimwambie Bi Mwajabu ndiyo au hapana?”

“Mwambie ndiyo,” Generoza alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kana kwamba inatoka uani kwa jirani. “Rafiki yangu anaichukua.”

*

Hakumaliza kufua. Alibadilisha gauni, akapanda bodaboda kutoka Bukiriro hadi Ngara mjini, juu kilimani, na pale stendi akapata gari linaloshuka kwenda Nyakahura. Mama yake alimfuata hadi njiani akimwita, “Jene, subiri kwanza upoe.” Hakusubiri. Alijua akipoa atamtafutia Maduhu sababu, na hakutaka kumtafutia. Alitaka aitoe mwenyewe.

Dirishani mwa gari misitu ilipita, na yeye akamwona Maduhu wa siku ya kwanza. Alikuwa amekuja pale mpakani na mchele wa kuvusha Burundi, karatasi zimekosewa jina, foleni ndefu nyuma yake. Watu wengine wangefoka. Yeye aliweka kofia yake mezani, akamtazama Generoza machoni, akasema, “Dada, nimekosea, nielekeze.” Basi. Macho yale makubwa, yaliyotulia, yalimfuata hadi nyumbani. Jioni ile Generoza alijikuta akilirudia jina la kwenye ile karatasi, Maduhu Shibuda, kama mtu anayeonja kitu.

Haikuwa rahisi. Maduhu alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Biharamulo kutoka Shinyanga, watu wasiojua kanisa. Kwa Deodata, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia tangu usichana wake, hilo lilikuwa jambo zito. Mzee Shibuda naye hakuelewa kwa nini mwanawe atafute mke kwa Wahangaza, wenye migomba na vikoba vyao vya kukopeshana, wakati mabinti wanaojua ng'ombe wamejaa. Wazee walikuwa wamelainika hivi karibuni tu. Ng'ombe wa mahari walishafika Bukiriro. Ndoa ilikuwa imepangwa baada ya mavuno.

Mashine ya kusaga ya Maduhu ilikuwa kando ya barabara kuu pale Nyakahura, ndani ya banda la bati linalotetemeka. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo na mifuko yao, wanasubiri zamu. Mlangoni, juu ya gunia la mahindi, alikaa Mzee Shibuda, fimbo yake ya kuchungia katikati ya magoti.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kalibu, kalibu.” Mzee alimtazama usoni, tabasamu likapungua. “Kwema huko?”

“Kwema, baba. Namtaka Maduhu.”

Maduhu alimwona kupitia vumbi la unga, akacheka kwa macho kabla ya mdomo. Kope zake zilikuwa nyeupe, nyusi nyeupe, kama kijana aliyezeeka ghafla. Moyo wa Generoza, bila aibu, uliruka kama unavyoruka siku zote. Akauchukia kwa hilo.

Maduhu alizima mashine. Wanawake wakaanza kunung'unika.

“Jene! Mbona hukuniambia unakuja? Ningekuja kukupokea.”

“Bi Mwajabu anakusalimia.”

Alitegemea atauliza, Bi Mwajabu gani? Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa pili. Lakini mikono ya Maduhu, iliyokuwa ikijipangusa, ilisimama pale pale kifuani.

“Baba,” Generoza alimgeukia Mzee Shibuda. “Ni wewe uliyemtuma?”

“Kumtuma nini, mwanangu?”

“Aje kuniambia Dar hakuna nyumba. Alipata nyumba, baba. Nzuri, ya bei yetu. Akaikataa kwa jina langu.”

Mzee Shibuda alimtazama mwanawe. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno:

“Mimi sikutaka uende. Nilikwambia wewe, mbele ya mama yako, siku tumeleta ng'ombe. Nilisema mke wa mtoto wangu akae hapa nimwone. Sikujificha. Lakini uongo sikumtuma.” Akainuka kwa kujikongoja. “Maduhu. Umemdanganya mtoto wa watu?”

Maduhu aliinamisha kichwa. Mzee hakungoja jibu. Alichukua fimbo yake akaondoka kuelekea barabarani, na mgongo wake ulionekana umezeeka kuliko alipokuwa amekaa.

*

Walisimama nyuma ya banda, penye lundo la pumba. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake akae.

“Haya,” Generoza alisema. “Nakusikiliza.”

“Niliipenda, Jene. Elick hakudanganya. Nilikaa sakafuni sebuleni peke yangu, nikakusikia kabisa jikoni unanisemesha. Nikamwambia kesho naleta hela.” Alipangusa unga mikononi. “Jioni Bi Mwajabu akatupa chai. Akaniuliza, mwanangu, wewe utafanya kazi wapi? Kabla sijajibu, Elick akasema, huyu anamfuata mke wake. Wakacheka. Si kwa ubaya. Hata mimi nilicheka.”

“Basi? Kwa sababu ya kicheko?”

“Sikumaliza. Nilikuwa nimeshapita kwa wenye mashine, kuulizia kazi. Wakaniambia huku watu wananunua unga dukani, umefungwa tayari, nani anabeba debe kichwani? Nikajiona, Jene. Nimekaa ndani, nakusubiri utoke kazini uniachie hela ya vocha. Nikaogopa utaanza kunitazama vibaya. Si mwaka wa kwanza. Wa pili, wa tatu.”

“Kwa hiyo ukaona afadhali mimi ndiye nikae nikusubiri wewe hapa Nyakahura.”

“Sikuwaza hivyo.”

“Uliwaza hivyo, Maduhu. Hukutaka tu kulisema.”

Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

“Nilibatizwa,” alisema. “Mama yako alisema hampi binti yake mtu asiyebatizwa, nikaenda mafundisho na watoto wadogo, tumekaa benchi moja, magoti yananifika kidevuni. Baba akaacha kunisemesha hadi mvua zikaanza. Sikukulalamikia. Uliposema tunahama, nikasema sawa, nimwachie ndugu yangu Anold mashine. Kila mahali nilisogea mimi. Safari hii nilishindwa kusogea.”

Maneno yale yalimgusa, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alimkumbuka Maduhu siku ya ubatizo, shati jeupe limembana mabegani, maji yanamchuruzika shingoni, anamtafuta kwa macho katika kanisa zima hadi alipompata. Siku ile Generoza alijiambia hakuna mwanamke anayependwa zaidi yake kutoka Ngara hadi Mwanza.

“Kushindwa si dhambi,” alisema kwa sauti ya chini. “Ungekuja ukaniambia umeshindwa. Mdomo nao ulishindwa?”

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini?”

“Kila siku.”

“Hata siku ile niliyotoka kwa bosi?” Sasa machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa hasira. “Nimetoka kusema nafasi yangu apewe mtu mwingine. Nimekuja hapa, nimelia begani mwako mpaka shati lako likalowa. Ukanishika kichwa. Ukaniambia, Jene, tulia, Mungu ana mpango wake. Ulisema hivyo, Maduhu. Huku unajua ni mpango wa nani.”

Maduhu alifunika uso kwa viganja. Unga na machozi vikachanganyika, vikaacha michirizi. Kwa mazoea, mkono wa Generoza ulianza kuinuka umfute. Aliurudisha.

“Sikujua utaiachia haraka vile,” Maduhu alisema ndani ya viganja vyake. “Nilidhani utanuna kidogo, tutafunga ndoa, itapita. Ulipolia nikaona nimechelewa. Nikazidi kuchelewa.”

“Ungeniambia usiende, ningebaki.”

Alilisema bila kulipanga, na wote wawili wakashtuka.

“Ndiyo. Ningelia, ningekununia hadi Krismasi, lakini ningebaki. Au ningesema niende peke yangu mwaka mmoja, wewe uje ukipata nafasi, tuone. Tungetafuta njia. Wewe hukunipa hata nafasi ya kukuchagua. Ulinichagulia.”

“Na wewe, Jene, hukuniuliza.”

“Nini?”

“Siku uliyopewa barua ya uhamisho. Ulikuja hapa unakimbia, umevua viatu umevishika mkononi. Ukasema, Maduhu, tunahama! Hukusema, Maduhu, unaonaje?” Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayerudisha kitu alichokaa nacho muda mrefu. “Nilikuwa nasubiri uniulize. Hata njiani, kwenye lori la Kazimili, nilikuwa nikitazama simu. Nikisema labda leo ataniuliza.”

Generoza alijaribu kukumbuka siku yoyote, jioni yoyote, simu yoyote, ambapo alimuuliza. Alizikumbuka picha za vyumba alizomtumia. Alikumbuka kumuuliza kama anapenda pazia za kijani. Kumuuliza kama anataka kwenda, hakukumbuka.

“Ni kweli,” alisema mwishowe. “Sikukuuliza. Hilo nitakaa nalo.”

Kutoka mbele ya banda mwanamke mmoja alipaza sauti, “Kaka, huo unga wetu ni wa leo au wa kesho?” Siku nyingine wangecheka pamoja.

“Nisamehe, Jene.”

“Nimekusamehe.” Na aliona kwamba ni kweli, hakikuwa kitu kigumu, kumsamehe. Kigumu kilikuwa kile kingine. “Lakini sitaweza kukuamini. Kila utakaponiambia hakuna, nitajiuliza kama kipo. Nikikuuliza hela, nikikuuliza umechelewa wapi, nikikuuliza mtoto ana homa au hana. Nitaishije hivyo?”

“Nitakuonyesha. Nipe muda.”

“Mwambie baba nitaongea na mama, ng'ombe wake warudi.”

Maduhu alipiga hatua moja mbele. Alisimama karibu kiasi kwamba Generoza alisikia harufu yake, ya unga wa moto na dizeli, harufu aliyoizoea hadi alikuwa akiinusa kwenye khanga zake akifika nyumbani. Walitazamana. Kama Maduhu angemshika mkono wakati ule, labda mambo yangekuwa mengine. Hakumshika. Aliogopa hata hilo.

Generoza akageuka akaenda kusimama barabarani kusubiri gari.

*

“Kazi huko huna, mume hapa humtaki,” Deodata alisema jioni ile, akichambua maharage kwenye ungo. “Dar unakwenda kufanya nini sasa?”

“Kutafuta kazi, mama. Mawakala wa forodha bandarini ni wengi, na kazi naijua. Yuster amesema tukae wote. Tutachangia kodi, mmoja atalala chumbani, mwingine sebuleni.”

“Amesema yeye au umemwomba?”

“Amesema yeye. Na chumbani amesema nilale mimi. Nimekataa, amekataa kukataliwa.”

Deodata alitupa jiwe dogo pembeni. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta hata pasipo na takataka.

“Mimi ndiye niliyesema usitoke bila nyumba. Kama ningekuacha uende hata ukalale kwa watu, ungekuwa na kazi yako huko leo.”

“Ulisema kama mama.”

“Nilisema kama mwoga.” Kisha, bila kuinua macho: “Yule kijana nilikuja kumpenda, unajua? Nilijifanya ni ubatizo. Lakini nilimpenda siku aliyokuja kunipalilia migomba bila kuitwa, akang'oa na magimbi yangu akidhani magugu.”

Generoza alicheka. “Mama, hata mimi nampenda. Si kwamba nimeacha.”

“Sasa?”

“Sasa naondoka hivyo hivyo.”

Deodata alimtazama mwanawe, ungo umesimama mapajani. Hakubisha tena. Asubuhi iliyofuata alianza kumkaangia karanga za safari.

*

Basi la Dar liliondoka Ngara alfajiri, taa za mji zikibaki juu kilimani. Yuster alilala kabla hawajafika mbali, kichwa kwenye kioo. Generoza alikaa upande wa njia, mkoba mapajani, akijisemea kwamba wakifika Nyakahura hatatazama nje.

Basi lilipopunguza mwendo pale Nyakahura kuchukua abiria, alitazama.

Maduhu alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa lile shati jeupe, hana begi. Alizungumza na kondakta, akaonyesha ndani ya basi kwa kidevu. Kondakta akatikisa kichwa, kisha akalegea. “Haya, fanya haraka, kaka, tuna safari ndefu!”

Alipita katikati ya viti akiomba radhi kwa kila goti alilogusa. Alipofika, alichuchumaa kwenye njia, uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa Generoza.

“Sikuja kukuzuia,” alisema.

“Najua.”

“Yuster aliniambia mnaondoka leo. Nimekuja kukwambia habari za nyumba. Elick hatawaambia, yeye ni dalali.”

Generoza aliitikia kwa kichwa.

“Maji ya bomba yanatoka mapema sana, jua likichomoza yamekatika. Kingeni kabla. Mlango wa jiko umevimba, msiusukume kwa nguvu, uinueni kidogo ndipo msukume. Bi Mwajabu ni mtu mzuri, ila hataki ndala zikae barazani.” Alikuwa anaongea haraka, kwa ile sauti yake ya kuogopa kuamsha mtoto, macho yake yakiwa mikononi mwa Generoza. “Na chumbani...”

Akakatiza hapo.

“Chumbani bati linavuja kona ya dirishani. Kuna doa darini, wamelipaka rangi lakini linaonekana. Kitanda msikiweke pale. Kiwekeni upande wa mlango. Pale hata jua la asubuhi halifiki. Wewe jua likikupiga usoni unashinda na kichwa kinauma.”

Generoza alimtazama. Alitaka kumwambia jambo. Alitaka kumwambia kwamba usiku wote amekuwa akijiuliza lile swali ambalo hakumuuliza. Alitaka kumgusa kope, zile kope ambazo leo hazikuwa na unga. Kondakta aligonga bodi ya basi kwa kiganja.

“Kaka! Unashuka au unalipa nauli?”

Maduhu alicheka kidogo, kwa aibu. Aliinuka. Mkono wake uliegemea mgongo wa kiti, karibu kabisa na bega la Generoza, ukakaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ukaondoka.

“Fika salama, Jene.”

“Ahsante,” alisema. Maneno yote aliyokuwa nayo, na akatoa hilo tu.

Basi liliondoka. Hakugeuka, lakini kwenye kioo kikubwa cha dereva alimwona amesimama katikati ya vumbi, mikono imening'inia, anazidi kuwa mdogo, mpaka kona ya Lusahunga ikamfuta. Yuster alizinduka, akafuta mdomo, akatazama huku na huku.

“Tumepita Nyakahura? Alikuja?”

“Alikuja.”

“Amekwambia nini? Amekuomba ubaki?”

Generoza aliukumbatia mkoba wake kifuani. Alikuwa hajalia, hata ile siku ya nyuma ya banda, hata mama yake alipomfungia karanga, hata walipokuwa wakiagana stendi.

“Hapana,” alisema. “Ameniambia kitanda nikiweke upande gani.”

Na hapo ndipo alipolia.